Shajara ya mradi: igizo la Krismasi la watoto 104, mzazi haombwi hata shilingi

Shule za msingi hapa Kenya hufunga muhula wa tatu mwishoni mwa Oktoba, kwa hiyo Krismasi ya shuleni huja miezi miwili kabla ya ile ya kalenda. Desemba ikifika watoto wameshatawanyika. Wengine wako ushago, yaani kijijini, kwa nyanya zao, wengine wamebaki kwenye ploti hapa mtaani Umoja, Nairobi, wakilea wadogo wao. Siku ya kufunga ndiyo nafasi yetu ya pekee ya kusherehekea pamoja.

Mwaka jana tuliwaomba wazazi wa Gredi ya 4 shilingi 500 kila mmoja za kukodi mavazi ya igizo. Siku yenyewe watoto 17 hawakufika shuleni. Niliwapigia wazazi simu mmoja mmoja nikidhani kuna homa mtaani. Mama mmoja akanijibu taratibu: "Mwalimu, nimlete asimame kando awaangalie wenzake waliovaa?" Swali hilo limekaa nami mwaka mzima.

Mwaka huu nimeomba nisimamie igizo mwenyewe, kwa sharti moja: kila mtoto wa Gredi ya 4, mikondo yote miwili, awe na nafasi na awe na vazi, na mzazi asiombwe kitu. Mwalimu mkuu amekubali na amenipa shilingi 4,000. Naandika kila hatua na kila gharama, yaliyoharibika pia, ili mwalimu mwingine akitaka kufanya hivi aanzie nilipofika.

Jumatatu, 6 Oktoba 2025: kugawa nafasi

Hadithi tumeichukua katika Luka sura ya 2, mamajusi na nyota katika Mathayo sura ya 2, na tumeanzia mahali ambapo maigizo mengi hupita mbio, yaani sensa. Kaisari Augusto anataka watu waandikishwe, kila mtu aende mji wa kwao. Sensa inahitaji watu wengi, nami ninao wengi.

Watoto hawa walikuwa na miaka mitatu, minne hivi, wakati wa sensa yetu ya mwisho, ile ya usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti 2019. Nikawaeleza jinsi makarani walivyopita mlango kwa mlango wakimhesabu kila mtu pale alipolala. Mvulana mmoja akauliza: "Kwa hivyo sisi tulihesabiwa Nairobi, lakini Yusufu alienda kuhesabiwa kwao?" Nikamwambia ndiyo. Akafikiri kidogo, akasema basi magari yalijaa kama wakati wa Krismasi. Onyesho la kwanza likapatikana hapo hapo: foleni ya wasafiri wenye mizigo, na makarani wakiwaandika.

Mgao umekuwa hivi. Waimbaji 32, malaika 18, wasafiri na makarani wa sensa 16, kondoo 14, wachungaji 12, Yusufu na Mariamu pamoja na wenye nyumba wanne, mamajusi 3, mpiga ngoma 2, na mtoto mmoja wa kubeba nyota. Jumla 104.

Watoto 7 kati yao ni Waislamu. Nilizungumza na wazazi wao kabla ya kugawa nafasi, si baada, na ningemsihi kila mwalimu afanye hivyo. Hakuna aliyemkataza mwanawe kushiriki, ila walitaka wasiigize malaika wala watu watakatifu. Wawili wamechukua ngoma, watano wako kwenye sensa, na mmoja wao ndiye karani mkuu, msichana mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu.

Kosa la kwanza nililifanya siku hiyo hiyo bila kulijua. Maneno yote ya msimulizi nilimpa mtoto mmoja, yule anayesoma vizuri kuliko wengine.

Ijumaa, 10 Oktoba: Gikomba

Leo ni Siku ya Mazingira, shule imefungwa. Tumepoteza siku ya mazoezi, lakini nimepata asubuhi ya kwenda Gikomba, soko la mitumba, mapema, marobota yanapofunguliwa na kabla nguo nzuri hazijachaguliwa.

Mashuka meupe ya kitanda kidogo, 9 kwa shilingi 150 kila moja: 1,350. Magunia ya katani, 12 kwa shilingi 50: 600. Nauli kwenda na kurudi: 140.

Hesabu ya mashuka ndiyo iliyookoa fedha, kwa hiyo nitaieleza. Shuka moja lina upana wa sentimita 150 hivi na urefu wa 220. Ukilichana katikati kwa urefu unapata vipande viwili vya sentimita 75. Kunja kila kipande kwa nusu, mkunjo ukae mabegani, toboa shimo la kichwa, shona mbavu mbili na uache nafasi ya mikono. Hapo una kanzu ya malaika inayomfika mtoto wa miaka tisa chini ya magoti. Mashuka 9 yanatoa kanzu 18, na hakuna kinachobaki ila vipande vya shingo. Usivitupe, nitakuambia vilifanya kazi gani.

Magunia niliyachukua kwa kuwa yanafanana na vazi la mchungaji. Niliyashika kwa mikono yangu migumu ya chaki, sikuyaweka shingoni.

Jumanne, 14 Oktoba: mabawa, na taa

Kadibodi tumepewa bure na wenye maduka mtaani. Gundi tunapika wenyewe: kikombe 1 cha unga wa ngano kwa vikombe 4 vya maji. Koroga unga kwenye maji ya baridi kwanza, kisha weka motoni ukizidi kukoroga hadi iwe uji mzito unaong'aa, halafu tia kijiko cha chumvi ichelewe kuota ukungu. Pakiti ya kilo 2 ni shilingi 170 na ilitutosha. Rangi nyeupe lita 1 ni 420.

Mabawa ya kwanza yalilegea kama masikio ya mbuzi. Tulidhani kadibodi ni nyepesi, tukabandika safu ya pili, yakalegea zaidi kwa sababu yalikuwa mazito zaidi. Ndipo nikalikata moja nikawaonyesha watoto ndani. Kadibodi ina mifereji midogo iliyopangwa sambamba. Ikiwa mifereji imekingama na bawa, bawa linajikunja kwenye kila mfereji. Ikiwa inatoka mgongoni kuelekea nchani, bawa linasimama lenyewe, na safu moja inatosha.

Jambo la pili tulilobadilisha ni kuacha kutengeneza bawa la kulia na la kushoto kila moja peke yake. Sasa tunakata kipande kimoja kama kipepeo, matundu manne katikati, na kamba ya kufunga kifuani tunaichana kwenye yale mabaki ya mashuka. Hakuna kiungo cha gundi, kwa hiyo hakuna kinachoachana mtoto akikimbia.

Jozi 11 zimepakwa rangi na kulazwa kwenye sakafu ya stoo zikauke.

Jioni nilipanda matatu hadi mjini, nikanunua taa za kumetameta mbili barabara ya Luthuli, 350 kila moja, nauli 140. Nilikuwa nimeiona nyota kichwani mwangu ikiwaka juu ya hori. Nitalirudia jambo hili.

Alhamisi, 16 Oktoba: mazoezi yamesimama

Jana asubuhi habari za kifo cha Raila Odinga, waziri mkuu wa zamani, zilitufikia tukiwa darasani. Katika mtaa wetu habari hiyo iliingia kila nyumba. Watoto walisikia kwa wapishi, wakarudi wakiniuliza kama ni kweli, na wawili walikuwa wakilia. Sikufanya mazoezi. Tulikaa tukazungumza.

Leo, mwili ulipowasili kutoka India, barabara kati ya uwanja wa ndege na uwanja wa michezo wa Kasarani zilijaa watu, na wazazi wengi waliwaweka watoto nyumbani. Nilikuwa na 61 kati ya 104. Kesho ni mapumziko ya kitaifa kwa ajili ya ibada katika uwanja wa Nyayo, Jumapili ni maziko Bondo, kaunti ya Siaya, na Jumatatu ni Siku ya Mashujaa. Familia kadhaa zimeniaga kwamba zinasafiri kwenda magharibi.

Nimekaa na kalenda. Kuanzia leo hadi siku ya kufunga nimebaki na Jumanne, Jumatano na Alhamisi tu. Nimelifupisha igizo kutoka dakika 40 hadi 25. Nilichokata ni hotuba moja na wimbo mmoja. Sikukata mtoto yeyote.

Jumamosi, 18 Oktoba: cherehani

Mama wa mmoja wa wapiga ngoma ana cherehani kwenye kibanda chake karibu na soko. Alisikia nashona kanzu kwa mkono usiku, akanitumia ujumbe nilete kazi yote kwake. Kanzu 18 alizimaliza kwa saa tatu. Nilipotaka kumlipa alisema: "Mwalimu, uzi lete wewe, mkono ni wangu." Uzi, sindano na pini: 230.

Alifanya jambo moja ambalo sikulifikiria. Kila kanzu alishonea kitambaa kidogo ndani ya shingo na kuandika jina la mtoto kwa kalamu ya wino usiofutika. Nilisema hilo si lazima. Akasema watoto 18 wakivua nguo nyeupe kwa wakati mmoja nitamkumbuka. Kweli nilimkumbuka, na nikaandika majina kwenye mabawa pia.

Jumanne, 21 Oktoba: siku mbaya

Wiki ya mwisho ya muhula haina nafasi. Vitabu vinarudishwa na kuhesabiwa, ripoti za tathmini zinajazwa, madirisha yanaoshwa. Gredi ya 6 wanaanza KPSEA, mtihani wa kitaifa wa kumaliza shule ya msingi, Jumatatu tarehe 27, na kila chumba kinachotumika lazima kiwe kimepangwa na kufungwa mapema. Hayo yote nilikuwa nayajua, lakini sikuyaweka pamoja na mpango wangu.

Saa mbili asubuhi nilifungua stoo nikakuta imedekiwa. Mtu aliifanya kwa nia njema, akamwaga ndoo za maji na sabuni, na mabawa yalikuwa sakafuni. Kadibodi ilikuwa imekunywa maji hadi katikati. Nilipoinua jozi ya kwanza ilichanika mkononi kama mkate uliolowa chai. Jozi 11 zimeisha zote. Msichana mmoja aliyekuwa nyuma yangu aliniuliza: "Na langu, Mwalimu?" Lake lilikuwa la pili kutoka chini.

Kosa ni langu, maana sikumwambia mtu yeyote mle ndani mna nini wala sikuweka karatasi mlangoni. Kitu chochote cha karatasi kining'inizwe. Leo tumefunga waya kutoka ukuta hadi ukuta (kilo 1, shilingi 200, nyingine tutatumia kwenye nyota) na mabawa mapya yananing'inia humo kwa vibanio vya nguo.

Saa nne likaja la pili. Jukwaa nilipanga kulijenga kwa madawati 24 yaliyofungwa pamoja na kutandikwa mbao. Naibu wa mwalimu mkuu aliniambia kwa upole kwamba madawati yote ya upande ule yamehesabiwa kwa ajili ya mtihani na hayatoki. Kukodi jukwaa ni fedha nisizo nazo.

Mchana nilibaki darasani bila kula. Kisha watoto wanane wakaja na mkasi mmoja wakauliza wakate wapi. Kwa kuwa tayari tulijua mambo ya mifereji na umbo la kipepeo, jozi 18 zilikatwa kufikia saa kumi na moja jioni. Zile 11 za kwanza zilikuwa zimetuchukua siku mbili.

Jumatano, 22 Oktoba: sauti, na magunia

Tulifanya mazoezi uwanjani, chini ya mjakaranda. Mti umechanua, maua ya zambarau yamefunika nyasi, na nilidhani nimepata jukwaa zuri kuliko la madawati. Nikarudi nyuma hatua 25, pale wazazi wa mwisho watakapoketi, nikamwambia msimulizi aanze. Niliona midomo yake ikitembea. Sikusikia neno. Nikasogea hadi hatua 12, nikasikia nusu. Nyuma yake hapakuwa na kitu, sauti ilikuwa ikienda mtaani. Na yule mtoto, kila nilipomwambia apaze sauti, alizidi kuharakisha, hadi machozi yakamlengalenga.

Msururu wa madarasa ya Gredi ya 3 una veranda ndefu. Sakafu yake imeinuka vidato viwili kutoka uwanjani, nyuma kuna ukuta wa mawe, juu kuna mabati. Nilimpeleka msimulizi pale, nikarudi hatua zile zile 25. Nilimsikia. Ukuta unairudisha sauti mbele, na paa linaizuia isipotee juu. Tulikuwa na jukwaa siku zote hizi, lenye mwinuko, lenye kivuli, la bure. Kabla hujafikiria mbao, tembea shuleni mwako utafute ukuta.

Kisha nikarekebisha lile kosa la tarehe 6. Maneno ya msimulizi sasa yanasemwa na watoto wanne kwa pamoja, kundi baada ya kundi, kama ngonjera. Wanne hawawezi kuharakisha, lazima wasubiriane. Sauti imekuwa mara nne, hofu imegawanyika, na watoto 28 wamepata maneno badala ya mmoja. Yule msichana sasa ndiye anayewaanzishia wenzake, na anacheka.

Magunia nayo yametushinda nusu. Wachungaji walivaa kwa dakika kumi, wote wakawa wanajikuna, na mmoja alitoka alama nyekundu shingoni. Nilimvua papo hapo nikampaka mafuta. Nimeyaosha magunia yote mara mbili kwa sabuni ya unga, nikayaanika juani, na shingo zimepanuliwa na kukunjiwa mabaki ya mashuka. Kila mchungaji atavaa fulana yake ya michezo ndani. Tungefanya hivyo tangu mwanzo. Nguo ya mtoto ijaribiwe kwanza juu ya mtoto.

Alhamisi, 23 Oktoba: kondoo, na nyota mchana

Kondoo 14 nilikuwa nimewanunulia pamba, vifurushi 4 kwa shilingi 180, jumla 720. Tuliibandika kwa gundi ya unga juu ya fulana kuukuu, ikakauka, ikaonekana nzuri sana. Watoto wakaanza kutambaa. Pamba ikabaki kwenye veranda, kondoo wakabaki na fulana zenye madoa ya uji. Gundi ya unga hushika karatasi. Kitambaa kinachokunjwa na kunyooshwa huitapika.

Wakati wa chakula cha mchana nilikimbia kwa mafundi wa makochi kando ya barabara. Nilikuta gunia zima la vipande vyeupe vya sponji wanavyokata wakitengeneza viti. Fundi alitaka nichukue bure, nikampa 150 za chai. Mama wa cherehani alikuja mwenyewe shuleni na wazazi wengine wawili, wakakaa kwenye vidato vya veranda wakishona vipande hivyo kimoja kimoja kwa uzi, mshono mmoja katikati ya kila kipande. Kufikia saa kumi kondoo 14 walikuwa tayari, na hata ukiwavuta hawatoki manyoya. Pamba ile ya 720 haikufaa tena.

Sasa taa. Mazoezi yote tumekuwa tukifanya saa tisa na nusu alasiri, baada ya masomo. Igizo ni saa nne asubuhi. Leo kwa mara ya kwanza nilipata saa nne yenyewe, nikawasha taa kwenye umbo la nyota, nikarudi nyuma kutazama. Jua la Nairobi la saa nne lilikuwa limezimeza. Huwezi kujua kama zimewashwa. Nilirudi Luthuli kwa simu, yaani nilimpigia muuzaji, akaniambia kilichouzwa hakirudishwi. Hiyo ni 700 na nauli 140. Ningefanya mazoezi mara moja tu katika saa ya igizo lenyewe, nisingezinunua.

Nyota tuliyoitumia ilitoka kwenye pipa la takataka la kantini. Pakiti za krispi zina rangi upande wa nje, lakini ndani ni rangi ya fedha tupu. Watoto walikusanya 46, wakaziosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kuondoa mafuta, wakazipasua mshono wa nyuma na kuzifuta kwa kitambaa hadi zikaacha kuteleza vidoleni. Waya tuliukunja ncha tano, tukazivika pakiti upande wa fedha ukiwa nje, tukashona kwa uzi maana gundi haikushika. Mpini wa fagio ndio mkono wake.

Mbebaji ni mvulana mdogo kuliko wote darasani. Aliinua nyota akiwa verandani, chini ya paa, na ilikuwa kitu cha kijivu. Nikamwambia ashuke vidato viwili hadi uwanjani. Jua likaipiga, na doa la mwanga likaruka ukutani, likapita juu ya vichwa vya wachungaji. Akageuza mpini kidogo, doa likasogea. Akageuza tena. Alikuwa amegundua kwamba anaweza kuuelekeza mwanga anakotaka, na hakuna aliyemfundisha. Nilimwomba aupeleke polepole hadi kwenye hori na auache pale. Alirudia mara tisa bila kuchoka.

Ijumaa, 24 Oktoba: siku ya kufunga

Spika na maikrofoni tuliazimwa na kanisa jirani, tukalipia boda 300 kwenda na kurudi. Baada ya wimbo wa kwanza stima ilikatika. Nilishtuka, lakini watoto hawakusimama, na kutoka nyuma, penye hatua 25, nilisikia kila neno. Mwaka ujao sitaazima spika.

Foleni ya sensa ilizidi matarajio yangu. Niliwaambia wasafiri waje na mizigo kutoka nyumbani, chochote. Walikuja na mabegi ya mama zao, mifuko ya nailoni iliyofungwa kwa kamba, sufuria, godoro dogo lililokunjwa, na mmoja alibeba mtungi mtupu wa maji begani. Wazazi waliiona safari yao wenyewe ya kila Desemba na wakaanza kupiga makofi kabla hata Yusufu hajatokea.

Wachungaji hawakujikuna. Bawa moja tu lilifunguka kamba, na jirani yake akamfungia bila kuacha kuimba. Doa la nyota lilichelewa kwa sababu wingu lilipita, mvulana akasubiri, nasi sote tukasubiri. Wingu likaondoka, mwanga ukashuka ukutani hadi kwenye hori. Mahali pale wengi walinyamaza kabisa, hata watoto wachanga waliobebwa.

Tulipomaliza, karani mkuu alinijia na daftari. Nilidhani ni daftari la kuigizia. Alikuwa amehesabu kweli, jina kwa jina, foleni ilipokuwa ikipita na baadaye kwaya na malaika. "Mwalimu," akasema, "tuko 103."

Nilikuwa najua tangu Jumanne ni nani aliyekosekana. Ni malaika mmoja ambaye familia yake ilisafiri kwenda Siaya wikendi ya maziko. Mama yake aliniambia kwa simu kwamba nauli ya kumrudisha Nairobi kwa siku nne, kisha kumpeleka tena kwa likizo, hawana. Nilimwelewa. Kwa kuwa maneno yake yalikuwa ya watu wanne, kundi lake lilisema bila pengo, na hakuna mzazi aliyegundua. Karani wangu aligundua. Nilimwambia aandike jina lake pembeni na sababu, kama makarani wanavyofanya, naye akaandika kwa ule mwandiko wake mzuri: *Yuko Siaya. Atarudi Januari.*

Jumamosi, 1 Novemba: hesabu na kuhifadhi

Matumizi yote kwa pamoja ni shilingi 5,120: Gikomba na nauli yake 2,090, waya 200, unga 170, rangi 420, pamba 720, taa 700 na nauli yake 140, uzi na pini 230, sponji 150, boda wa spika 300. Shule ilitoa 4,000, mimi nikatoa 1,120. Ukiondoa pamba, taa na nauli ya kuzifuata, ambazo hazikutumika katika igizo, inabaki 3,560. Hiyo ni kama shilingi 34 kwa mtoto, na ingeenea ndani ya zile 4,000 bila kugusa mfuko wangu.

Kanzu zimefuliwa, zimekunjwa, na majina ndani ya shingo yatabadilishwa mwakani. Sponji imevuliwa kwenye fulana na kurudishwa guniani. Magunia nimeyaweka na majani makavu ya mwarobaini, kinga ya wadudu. Nyota imekataa kukunjika, kwa hiyo imeegemezwa nyuma ya mlango wa ofisi, na mwalimu wa Gredi ya 2 ameshaniomba nimwazime.

Mambo mawili bado sijayatatua. Kwaya ya watoto 32 haikuwa na vazi lolote zaidi ya sare, na mtoto mmoja aliniuliza kwa nini malaika peke yao ndio wamepambwa. Mwakani nataka kila mwimbaji awe na kitu shingoni, labda skafu za leso zilizochakaa, lakini sijapiga hesabu. La pili ni tarehe. Oktoba hii ilituchukulia siku tatu za mapumziko, na mtihani wa Gredi ya 6 utakuja tena wakati ule ule. Mazoezi yaanze Septemba, na mpango upelekwe kwa naibu wa mwalimu mkuu kabla ya dawati lolote kuhesabiwa.

Jozi 17 za mabawa watoto walienda nazo nyumbani. Ya 18 nimeifunga kwa gazeti nikaiweka juu ya kabati la darasa, juu kabisa, mbali na sakafu, na jina la mwenyewe nimeliandika nje.